Sura ya 6: Nani Ndiye Mia?

Mama mmoja ana kiwanja Kigamboni na anataka kukiuza. Anachotaka ni shilingi 20,000,000 ziingie mkononi mwake, baada ya kila mtu kuchukua chake. Dalali anamwambia kuwa udalali ni asilimia 10 ya bei.

"Basi mama, tutangaze milioni 22. Ishirini zako, mbili zangu."

"Haya mwanangu, fanya hivyo."

Mnunuzi anapatikana, analipa milioni 22 taslimu bila kuomba apunguziwe hata shilingi (kwenye vitabu vya hesabu wanunuzi wa aina hiyo wapo wengi). Dalali anachukua asilimia 10 ya bei kama walivyokubaliana, yaani 2,200,000. Mama anahesabu zilizobaki na kukuta 19,800,000.

Hapo hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyekosea kuzidisha. Laki 2 zimepotea kwa sababu watu wawili walitamka "asilimia 10" huku kila mmoja akiwa na mia yake kichwani. Bei ilipokuwa ikipangwa, mia ilikuwa zile milioni 20 za mama, na asilimia 10 yake ni milioni 2. Udalali ulipokuwa ukikatwa, mia ilikuwa milioni 22 za mnunuzi. Asilimia ni ileile, mia zimekuwa mbili.

Shuleni mafumbo ya kamisheni hufundishwa kama kazi ya kuzidisha na kugawa. Mtoto anapewa kanuni, anachomeka namba, anapata vema. Lakini kuzidisha siku hizi simu inakufanyia bure, tena bila kukosea. Kinachomwangusha mwanafunzi kwenye mtihani, na kumwangusha mtu mzima kwenye mkataba, ni swali linalotangulia namba zote, nalo kikokotoo cha simu hakiwezi kulijibu: kati ya fedha zote zilizotajwa hapa, zipi ndizo mia?

Hebu tulijaribu swali hilo kwenye kiwanja cha mama. Udalali ni asilimia 10 ya bei ya kuuzia, kwa hiyo bei ndiyo mia. Katika kila 100 za bei, dalali ana 10 na mama ana 90. Maana yake milioni 20 za mama ni 90. Mama na dalali walizifanya mia, na kosa likaingia hapo. Kama 90 ni 20,000,000, basi moja ni 222,222 na ushee, na mia ni 22,222,222. Kata asilimia 10 ya hizo, mama anabaki na milioni 20 kamili. Dalali mwenye akili angetangaza 22,250,000, na mama angepata 25,000 za nauli juu yake.

Vitu vinavyotajwa katika fumbo la kawaida la kamisheni ni vitatu: mauzo, kiwango, na kamisheni yenyewe. Ukipewa viwili, cha tatu unakipata. Sitakaa hapo sana. Muuzaji wa viatu anayelipwa asilimia 6 ameuza mali ya shilingi 850,000. Asilimia moja ya mauzo ni 8,500, mara 6 ni 51,000. Ukiambiwa badala yake kwamba amelipwa 51,000 kwa mauzo ya 850,000 na utafute kiwango, gawa 51,000 kwa 8,500, utapata 6. Na ukiambiwa amelipwa 51,000 kwa kiwango cha asilimia 6, mauzo yalikuwa kiasi gani? Sita ni 51,000, moja ni 8,500, mia ni 850,000. Anayeitafuta asilimia moja kwanza hana haja ya kukariri kanuni tatu, na akikwama njiani atajua amekwama wapi.

Kwa hesabu za kichwani, asilimia 10 ni kuondoa sifuri moja, 5 ni nusu yake, na 2.5 ni nusu ya hiyo nusu. Waislamu huipiga hii ya mwisho mwaka hadi mwaka: zaka ya fedha ni moja kati ya arobaini, ambayo ndiyo 2.5 kwa mia. Fungu la kumi la makanisani halihitaji maelezo. Kinachonivutia kwenye zaka ni jinsi mafaqihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walivyolihangaikia swali letu kabla ya kutaja kiwango chochote. Fedha hutolewa zaka ikiwa imefikia nisabu, yaani kiasi cha chini kinachowajibisha zaka, na kukaa mwaka mzima. Mazao hayangojei mwaka. Mia yake ni mavuno, tena kiwango hubadilika kwa kuangalia jasho: moja ya kumi kwa shamba lililonyeshewa na mvua, moja ya ishirini kwa lililomwagiliwa kwa gharama. Wametaja mali, wametaja muda, wametaja namna ilivyopatikana, ndipo wakataja namba. Mikataba mingi ya mauzo niliyowahi kuisoma huanza na namba na kuishia hapohapo.

Sasa turudi kwa madalali, maana sehemu kubwa ya kazi yao haiendi kwa asilimia kabisa. Inaenda kwa cha juu. Mwenye gari anasema, "Mimi nipe milioni 20, utakachopata juu yake ni chako." Dalali anaingia mtaani, anauza kwa milioni 23, anampa mwenye gari 20 zake na kubaki na 3. Je, hizo 3 ni asilimia ngapi?

Dalali akiwasimulia wenzake kijiweni atasema asilimia 15, kwa sababu 3 juu ya 20 ni 15 kwa 100. Mnunuzi akija kugundua, atasema kwamba katika kila mia aliyotoa, 13 hazikumfikia mwenye gari, kwa sababu 3 kati ya 23 ni 13.04 kwa 100. Wote wawili wamesema kweli. Mwenye duka la rejareja anaishi na jambo hilihili kila siku: bidhaa aliyoinunua kwa 20,000 akaiuza kwa 25,000 imempa faida ya asilimia 25 ya bei ya kununulia, au asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Akitaka kujisifu atataja ya kwanza, akiwa anaongea na afisa wa kodi atataja ya pili.

Kuna njia ya haraka ya kuhama kutoka mia moja kwenda nyingine, nayo inafaa kukaa kichwani kuliko kanuni nyingi za kitabuni. Ukiongeza nusu juu ya bei ya kununulia, nyongeza hiyo ni theluthi ya bei ya kuuzia. Ukiongeza theluthi, inakuwa robo. Ukiongeza robo, inakuwa moja ya tano. Namba ya chini inapanda kwa moja kila mara, kwa kuwa nyongeza yenyewe imeingia ndani ya bei mpya na kuikuza. Ukirudi nyuma inashuka kwa moja: moja ya kumi ya bei ya kuuzia ni moja ya tisa ya fedha za mwenye mali. Mama wa Kigamboni alipaswa kuongeza moja ya tisa ya milioni 20. Yeye na dalali wake waliongeza moja ya kumi.

Tofauti nyingine ya cha juu na kamisheni ni kwamba kamisheni inayokatwa kwenye bei haiwezi kufika mia, labda mwenye mali awe ameamua kugawa bure. Cha juu hakina dari. Winga wa Kariakoo anayechukua shati dukani kwa 8,000 na kumuuzia mgeni kwa 20,000 amepata asilimia 150, na mwenye duka hana cha kulalamikia kwa sababu 8,000 zake amepewa.

Watu wengi hukilaani cha juu moja kwa moja. Mimi nakiona kina pande mbili. Tazama kinachotokea mnunuzi anaposita kati ya milioni 22 na milioni 23. Dalali wa asilimia 10 akishinda mabishano hayo anaongeza shilingi 100,000 tu kwenye pato lake, na akiyashindwa bado ana 2,200,000. Kwa nini ahatarishe biashara kwa laki moja? Atamshauri mwenye mali akubali 22 mambo yaishe. Dalali wa cha juu akishinda, milioni nzima ni yake, kwa hiyo atabishana mpaka koo likauke. Cha juu kinaleta bidii ambayo asilimia haiileti. Tatizo ni kwamba matunda yote ya bidii hiyo yanaingia mfuko mmoja, na mwenye mali hajui hata kama yapo. Anayetaka bidii na pia sehemu ya matunda anaweza kuchanganya: asilimia 5 ya bei mpaka milioni 20, na asilimia 30 ya kila kinachozidi. Gari likiuzwa 23, dalali anapata 1,000,000 na 900,000, jumla 1,900,000, na mwenye gari anabaki na 21,100,000. Mkataba wa namna hii unaandikika kwenye nusu ukurasa.

Dalali wa nyumba za kupanga ana desturi yake: mpangaji humlipa kodi ya mwezi mmoja. Inasikika kama kiasi kimoja kwa wote, na kwa shilingi ni kweli. Chumba cha 100,000 kwa mwezi, udalali ni 100,000. Lakini mpangaji aliyelipa kodi ya miezi 3 amelipa udalali wa asilimia 33.3 ya kodi yake, wa miezi 6 amelipa asilimia 16.7, na wa mwaka mzima asilimia 8.3. Mwenye fedha kidogo, anayelipa kwa vipindi vifupi na kuhamahama, ndiye mwenye udalali mkubwa kuliko wote ukiupima kwa mia ya fedha anazotoa. Desturi hiyo haikutungwa ili kumwonea, ila hakuna anayeiona mpaka mtu achukue kalamu.

Kiasi kisichobadilika na asilimia vimekaa pamoja katika biashara ya huku kwa muda mrefu. Septemba 1833 Sultani Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, uliojadiliwa na Edmund Roberts, ambao uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za meli za Kimarekani katika bandari za dola yake, Zanzibar ikiwemo. Waandishi wa mkataba huo walijua swali la mia: ushuru ulikuwa wa shehena iliyoteremshwa, na haukuhesabiwa kwa shehena yote iliyomo melini. Tuseme meli imekuja na mali ya riale 20,000 na kuteremsha ya riale 8,000 tu kabla ya kuendelea na safari. Ushuru ni riale 400. Mtoza ushuru aliyeifanya meli nzima kuwa mia angedai 1,000. Maneno machache yaliyoandikwa mapema yalizuia ugomvi wa riale 600.

Na Sultani mwenyewe hakuwa akikaa forodhani kupiga hesabu. Alikodisha forodha. Katika miaka ya 1830 na 1840 mkodi alikuwa Jairam Shivji, mfanyabiashara mwenye asili ya Kutch, India, aliyelipa kiasi maalumu kwa mwaka na kubaki na kilichozidi. Kwa wenye meli ushuru ulikuwa asilimia; kwa Sultani ulikuwa fungu lisiloyumba; na mtu aliyesimama katikati ndiye aliyebeba hatari ya mwaka mbaya na neema ya mwaka mzuri. Dereva wa daladala anayempelekea tajiri wake hesabu ya siku yuko katika mpango huohuo. Abiria wawe wengi au wachache, hesabu ni ileile, na baada ya mafuta kinachobaki ni chake na kondakta.

Programu za kuita teksi kwa simu zilipoingia Dar es Salaam na Nairobi zilileta asilimia mahali palipozoea hesabu, na ugomvi haukuchelewa. Machi 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ya Tanzania, LATRA, iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni hizo zinaweza kumkata dereva, wakati madereva walipokuwa wakilalamikia makato yanayofika asilimia 33. Mwezi uliofuata Uber, mojawapo ya kampuni hizo, ilisimamisha huduma zake Tanzania. Kenya nayo, kwa kanuni za mwaka huohuo, iliweka kikomo cha asilimia 18.

Watu wengi walishangaa Uber kuondoka. Kutoka 33 hadi 15 ni 18 tu. Kampuni kubwa kama ile inakimbia kwa sababu ya 18? Hapa pana fumbo zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Chukua nauli ya shilingi 10,000. Kabla ya agizo, kampuni ilikata 3,300 na dereva akabaki na 6,700. Baada ya agizo, kampuni 1,500, dereva 8,500. Zilizohama ni shilingi 1,800 kwa pande zote mbili, ambazo ni asilimia 18 ya nauli. Lakini kampuni haili nauli, inakula kamisheni. Kwake mia ni zile 3,300, na kupoteza 1,800 kati ya hizo ni kupoteza asilimia 54.5 ya pato. Kwa dereva mia ni 6,700, na kuongezewa 1,800 ni nyongeza ya asilimia 26.9. Na dereva naye haziweki zote mfukoni. Tuseme mafuta na matengenezo humla shilingi 3,000 katika kila nauli ya 10,000. Anachopeleka nyumbani kimetoka 3,700 na kufika 5,500, nyongeza ya asilimia 48.6. Shilingi 1,800 zilezile zimekuwa 18, 54.5, 26.9 na 48.6, na kila namba ina mwenyewe aliyeibeba kwenda nayo mezani. Msomaji wa gazeti aliyeandikiwa kwamba "makato yameshuka kwa asilimia 18" amepewa namba isiyo pato la mtu yeyote. Kilichoshuka kwa 18 ni pointi za asilimia, yaani tofauti kati ya 33 na 15.

Mapema 2023, baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25, Uber ilirejea. Ukipiga hesabu kwa mia ya kila upande utaona mabishano yalikuwa kuhusu nini: kutoka 15 hadi 25 dereva amepungukiwa asilimia 11.8 ya alichokuwa akipata, na kampuni imeongezewa asilimia 66.7.

Kodi huongeza tabaka jingine. Duka linauza friji kwa shilingi 1,180,000, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani, na muuzaji ameahidiwa asilimia 5 ya mauzo. Mwajiri akisema mauzo ni fedha ya duka kabla ya kodi, inabidi kuitoa VAT kwanza. Wengi hukata asilimia 18 ya 1,180,000, yaani 212,400, na kubaki na 967,600. Ni kosa lilelile la mama wa Kigamboni likitembea kinyumenyume. VAT ilihesabiwa juu ya bei ya duka, kwa hiyo bei ya duka ndiyo mia na 1,180,000 ni 118. Gawa kwa 118, zidisha kwa 100, unapata 1,000,000 kamili. Kamisheni ni 50,000. Ingehesabiwa kwenye fedha aliyotoa mteja ingekuwa 59,000, na tofauti hiyo ya 9,000 kwa kila friji si ndogo kwa mtu anayeuza friji ishirini kwa mwezi.

Mawakala wa fedha za simu wanaijua kodi kutoka upande wa pili. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuvuka mpaka kuingia Tanzania mwaka 2008, na leo ni vigumu kupata mtaa usio na wakala. Tanzania kamisheni ya wakala hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijamfikia. Wakala aliyepokea 216,000 na anataka kujua alizalisha kiasi gani asiongeze asilimia 10 juu ya 216,000, maana atapata 237,600, na hesabu haitalingana na taarifa ya kampuni. Alichopokea ni 90. Mia ni 240,000.

Fumbo linalowatoa jasho watahiniwa kuliko yote ni la ngazi. Kampuni inalipa asilimia 3 kwa mauzo ya mwezi mpaka milioni 5, asilimia 5 kwa yanayozidi hapo mpaka milioni 10, na asilimia 8 kwa yanayozidi milioni 10. Muuzaji ameuza 12,400,000. Anapata nini? Jibu la haraka ni asilimia 8 ya zote, 992,000. Jibu la mkataba ni kukata mauzo vipande vitatu na kumpa kila kipande mia yake: asilimia 3 ya milioni 5 za kwanza ni 150,000, asilimia 5 ya milioni 5 zinazofuata ni 250,000, asilimia 8 ya 2,400,000 zilizobaki ni 192,000. Jumla 592,000. Kwenda kinyume ni kazi ileile: aliyelipwa 592,000 ondoa 400,000 za ngazi mbili zilizojaa, zilizobaki 192,000 ni 8, moja ni 24,000, mia ni 2,400,000, rudisha zile milioni 10.

Kodi ya mshahara nayo hukatwa kwa ngazi. Katika jedwali la Tanzania Bara lililoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, kisha viwango vinapanda 20, 25 hadi 30 kwa kinachozidi milioni moja. Anayekataa nyongeza ya mshahara kwa hofu ya "kuingia kwenye asilimia 30" anadhani mshahara wote unabadilishiwa mia. Kinachotozwa 30 ni kile tu kilichopita milioni.

Hata hivyo kuna kampuni ambazo mkataba wao wa kamisheni unasema kweli kwamba ukivuka kiwango, asilimia mpya inakula mauzo yote. Hapo fumbo linabadilika na watu wanabadilika nalo. Kwa namba zilezile, aliyeuza 9,990,000 analipwa asilimia 5 ya zote, 499,500. Mwenzake aliyeuza 10,010,000 analipwa asilimia 8 ya zote, 800,800. Shilingi 20,000 za mauzo zimetenganisha watu wawili kwa zaidi ya laki 3. Usishangae basi kumwona muuzaji tarehe 30 akinunua bidhaa kwa fedha yake mwenyewe, au akimbembeleza mteja wa tarehe 2 alipe leo, au, akiwa ameshajua hafiki, akificha oda zake zote ziingie mwezi ujao. Meneja analalamika kwamba vijana hawana nidhamu. Vijana wamesoma mkataba.

Nimalizie na fumbo ambalo kila anayeomba kazi ya mauzo atakutana nalo. Kampuni ya kwanza inampa mshahara wa 300,000 pamoja na asilimia 4 ya mauzo. Ya pili haitoi mshahara, inatoa asilimia 9. Ipi ina nafuu? Wengi huanza kujaribu namba moja moja. Njia fupi ni kutazama wanapoachana: kampuni ya pili inamzidishia asilimia 5 ya mauzo, ya kwanza inamzidishia 300,000. Zinalingana pale asilimia 5 inapokuwa 300,000, yaani moja ni 60,000 na mia ni milioni 6. Chini ya milioni 6 kwa mwezi achague ya kwanza, juu yake ya pili. Akiwa na uhakika wa kuuza milioni 7, ya pili inamlipa 630,000 na ya kwanza 580,000.

Kabla hajasaini, asome mia imeandikwaje. Tuseme kampuni ya kwanza inahesabu mauzo siku mteja anapoandikiwa ankara, na ya pili inahesabu mauzo yaliyokwisha kulipwa. Tuseme tena kwamba wateja wake wananunua kwa mkopo na katika kila shilingi 100 za ankara 10 hazirudi. Asilimia 9 ya fedha zilizolipwa ni asilimia 9 ya 90, ambayo ni 8.1 ya mauzo aliyoyatolea jasho. Faida ya kampuni ya pili imepungua kutoka asilimia 5 hadi 4.1, na mahali pa kulingana pamehama kutoka milioni 6 hadi karibu 7,320,000. Kwa mauzo yake ya milioni 7, kampuni ya pili sasa inamlipa 567,000. Ya kwanza bado ni 580,000.